Kitwa cha Bi Mardhiya

Watu waliomwona Bi Mardhiya mtandaoni wanajua mambo mawili juu yake: kwamba ana sauti, na kwamba alisema "mvua yanya". Basi. Kwa mambo hayo mawili wamemcheka, wamemwekea muziki, wamemfanya mlio wa simu, na kuna mmoja huko bara kauchapisha mdomo wake kwenye fulana. Mimi ni jirani yake ukuta kwa ukuta. Mjukuu wake nilikuwa nikikaa naye dawati moja skuli. Na tangu nijue kuuliza nimemuuliza yeye maswali mengi kuliko mtu yeyote, kwa sababu hajawahi kunambia "ukikua utajua". Kwa hiyo nitaandika ninayoyajua. Mwenye haraka ana simu yake, akaangalie huko.

Amezaliwa hapa hapa Pemba, upande wa Kiuyu. Babu yake mzaa baba alitoka bara kuja kuchuma karafuu msimu mmoja, akaoa, akasahau kurudi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kati ya wanaomcheka huko, wamo vitukuu wa ndugu za babu huyo, wakimcheka shangazi yao kwa ulimi aliouokota babu yao alipofika. Nilimwambia hivyo akasema, "Basi wana hasara mara mbili."

Ameolewa mara mbili. Mume wa kwanza alimwacha kwa sababu ya sauti yake. Wa pili alikuwa mzito wa masikio, na mpaka anakufa walikuwa wakisikilizana vizuri sana. Watoto wake wamekwenda Unguja, na mmoja akamrudishia binti wa kulea, Yumna, akiwa bado ananyonya chupa. Si bibi wa kwenye hadithi, huyu. Ni bahili, ana matusi, akikuona umekaa anakutafutia kazi, na tambuu yake haiombwi. Mimi nampenda, lakini hilo halimpunguzii ubahili.

Sasa sauti. Kijiji chetu kina uwanja mmoja wa kuanikia karafuu, mbele ya duka la Mzee Bakari. Msimu ukiingia kila nyumba hutandika majamvi yake pale, na asubuhi wenye miguu wote huenda mashamba kuchuma. Karafuu zinataka jua siku kadhaa. Zikirowa nazo zimekauka nusu, zinavunda, zinageuka mpeta, nyeupe-nyeupe zisizo na harufu, na mpeta hauna mnunuzi mwenye akili. Kwa hiyo lazima abaki mtu wa kuangalia mbingu. Tangu magoti yake yakatae vilima vya mashambani, mtu huyo alikuwa Bi Mardhiya. Alikuwa akikaa kwenye baraza yake, tambuu shavuni, akitazama upande mawingu yanakotokea. Mwisho wa msimu kila nyumba ilimpa kibaba cha karafuu kavu, naye alikipokea huku akilalamika kwamba kibaba kimepungua.

Wingu likija, alisimama. "Mvua yanyaaa. Anueni." Sauti ilikwenda mpaka bondeni, ikapanda kilima cha pili, ikamkuta mtu juu ya mkarafuu. Kisha, watu wakiwa wanateremka mbio, alianza kuwataja. "Nyange wee, karafuu zaoga, na wewe waoga wapi? Bi Moza, acha ukili, hilo jamvi unalosuka utamwanikia nani? Nyumba ya Bakari, nyie wauza sukari, hamjui kitu kikirowa kinakuwaje?" Kila nyumba ilikuwa na tusi lake. Mwaka mmoja aliisahau nyumba yetu na mama alinuna siku nzima.

Kwetu mvua yanya. Imekuwa ikinya tangu kabla ya kuwepo umeme, na hakuna aliyeiona aibu. Kwengine, nimejifunza sasa, mvua hunyesha tu, na kunya ni kwenda chooni. Sawa. Kila mtu na lake. Lakini wapo watu ambao hawawezi kukutana na lake la mtu bila kulipiga picha, na mmoja wao Mungu alituletea sisi.

Hamdan ni mtoto wa Mzee Bakari. Alipelekwa Unguja kusoma uhasibu, akarudi na kijiti cha kushikia simu. Anasema anatengeneza kontenti. Nilimuuliza kontenti ni nini, akasema ni maisha halisi ya watu. Nikamuuliza kwa nini hatengenezi yake. Akasema mimi bado mdogo. Kila asubuhi hukisimamisha kijiti chake nje ya duka, akajipaka mafuta mdomoni, akawaambia watu asiowajua "mambo vipi familia yangu", na mama yake mzazi anapita nyuma yake na ndoo ya maji kichwani. Amempiga picha mzee aliyesinzia baada ya sala. Amempiga picha mtoto anayelia kwa jipu. Amejiita Mpemba Halisi, na hajui kukwea mkarafuu.

Siku yenyewe mvua ilikuja na upepo. Bi Mardhiya aliita kama kawaida, na kwa kuwa upepo ulikuwa ukifunua majamvi, akaingia uwanjani mwenyewe kuyakunja. Mikono yote miwili ilikuwa na ukingo wa jamvi. Kanga ya kichwani ikapeperuka, ikanasa kwenye mwiba huko, naye akaendelea kukunja na kutukana, kichwa wazi, nywele zake nyeupe chache zimesukwa twende kilioni. Kwa uwanja wetu hilo si kitu. Saa hizo wanaume wako mashambani, na anayetangulia kufika hukohoa kwanza pale kwenye kona ili wanawake wajistiri. Ndivyo ilivyo, hata mtoto mdogo anajua kukohoa. Alipomaliza jamvi la tatu sijui la nne, mama akamtupia kanga, akajifunga, watu wakateremka wakakohoa, karafuu zikaokolewa.

Dirisha la duka halikukohoa. Hamdan alikuwa nyuma yake na simu.

Usiku ule ule klipu ikatoka. Aliiandikia juu: "Pemba mvua haiNYESHI, sikiliza inafanya nini", na vijisura vinavyolia kwa kucheka. Na watu wakacheka. Wakaandika "kumbe huko mvua ina choo chake". Wakaandika "bibi mpelekeeni tishu". Mmoja aliandika "nimekufa jamani nizikeni", nami nikamfuata kwenye ukurasa wake nikamkuta mzima kabisa, ameweka picha ya chipsi. Haikupita wiki, sauti ya Bi Mardhiya ilikuwa imewekewa ngoma, watoto wa mijini wanaicheza, wakifika kwenye "anueni" wanachutama.

Na sisi? Sisi ndio tuliozidi. Nusu ya kijiji waliiweka mlio wa simu. Nyange aliiweka kwa fahari, kwa sababu jina lake limo.

Yumna hakuona fahari. Skuli, wingu likipita tu, wavulana walikuwa wakiita kutoka dirishani, wakimwangalia yeye. Wasichana walikuwa wakimuuliza kwa upole, ule upole wa kinafiki, kama kwao wanakwenda chooni au wanangoja vuli. Akawa hanyooshi mkono darasani, kwa kuogopa neno lolote litakalomtoka. Mwishowe akaanza kusema kama msomaji wa taarifa ya habari, hata kwangu, hata kuomba peni.

Siku moja nilikuwa kwao tunachambua karafuu, Yumna akamwambia bibi yake, "Bibi, siku nyengine sema 'inanyesha'."

"N'seme nini?"

"Inanyesha. Ndiyo Kiswahili sanifu."

"Na hino niliyokulelea n' Kiswahili cha nani?"

Yumna akainamia karafuu zake. Bi Mardhiya alijua kwamba watu wanamcheka, alikuwa ameambiwa hivyo msibani Wete, mwanamke asiyemjua kamwita "Bi Mvua". Lakini klipu yenyewe alikuwa hajaiona. Simu yake ni ile ya vibonye, yenye tochi. Akanigeukia mimi.

"Nadhira, wewe huwezi kukaa na jambo. Nenda kalete simu ya mamako unionyeshe."

Yumna alinikanyaga mguu. Nikaenda hivyo hivyo.

Nilikuwa nangoja akasirike kwa lile neno. Hakukasirika. Alipojisikia akimtukana Nyange alicheka kidogo, akasema, "Lakini kweli alikuwa apita kuoga." Kisha kanga ikapeperuka. Hapo akaacha kutafuna. Akaweka kidole juu ya kioo, pale pale palipo kichwa chake, akakisogeza, kama mtu anayevuta nguo. Picha ikaruka, akatokea mwanamume anayeuza manukato.

"Yuwapi? Imekwenda wapi?"

Nikamrudishia. Akaangalia tena mpaka mwisho, ikajianza yenyewe, akaangalia tena.

"Wangapi washaiona?"

Nikamsomea namba.

"Na hicho kidudu cha mwisho?"

"M, bibi. Maana yake milioni."

"Na wanaume wamo?"

"Wamo."

"Mwalimu wenu Rajab?"

"Ndiye aliyeipeleka kwenye grupu la walimu."

"Sheha?"

Sheha alikuwa ameiona msikitini, nje, akisubiri Isha, kwenye simu ya Nyange, na waliomzunguka walikuwa wakishikana mabega kwa kicheko. Babangu alikuwemo.

Akanirudishia simu ikiwa imelala kifudifudi. Akagusa kichwa chake juu ya kanga, akasema bila kupandisha sauti, "Tangu afe mume wangu, kitwa hichi kilikuwa chamngoja mwosha maiti tu."

Yumna alidhani ni hasira za neno. Akamwambia, "Si ndiyo maana nakwambia useme inanyesha." Nilimwangalia Yumna nikaona kwamba kweli hajaelewa, na yeye ndiye aliyelelewa chini ya kanga ile ile.

Kuanzia siku ya pili Bi Mardhiya hakukaa barazani. Alifunga mlango na dirisha la mbele akaacha upenyo. Mvua ndogo ikanyea majamvi, watu wakawahi kwa bahati. Basi wakaona jambo sasa ni zito, maana limegusa karafuu, na Mzee Haroub, sheha wetu, akaitisha kikao.

Walikaa nje barazani kwake: sheha, Mzee Bakari, Mwalimu Rajab aliyeitwa kwa ajili ya elimu yake, Nyange ambaye hakuitwa, na Hamdan. Bi Mardhiya alikuwa ndani nyuma ya pazia la mlango, mimi na Yumna pembeni yake.

"Hicho kijiti kiweke chini, Hamdan," sheha akaanza.

"Hakirikodi, mzee."

"Sikukuuliza kinafanya nini."

Mwalimu Rajab akatoa somo. Akaeleza kwamba kunya kwa mvua ni Kiswahili cha asili, kwamba wacheka ndio wasiojua lugha yao, kwamba Kipemba ni hazina. Alizungumza vizuri. Mimi nilikuwa nafikiria grupu la walimu.

Hamdan akasema yeye hakukusudia ubaya. "Mimi nimepatia mahali hapa jina. Watu walikuwa hawajui hata tuko wapi."

"Na sasa wanajua?" Nyange akauliza.

"Wengine wanadhani ni Mombasa. Lakini wanajua tupo."

"Shukurani, basi," akasema Nyange. "Nilikuwa na wasiwasi kama nipo."

Sheha akawakata. Akamtaka Hamdan aseme atafanya nini. Hamdan akafikiri, akajipapasa kidevu kisichokuwa na kitu, akasema, "Nitatoa sauti. Klipu ibaki, ila badala ya sauti niweke muziki mzuri. Hata kasida nitaweka. Kwa hiyo neno halisikiki, bibi ameheshimika, na mimi sijapoteza wafuasi wangu."

Baraza zima likashusha pumzi. Mzee Bakari akasema mtoto amejishusha. Mwalimu Rajab akasema ni suluhu ya busara. Sheha tayari alikuwa amekunjua viganja aombe fatiha.

"Na kitwa?" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Viganja vikabaki hewani. "Kitwa gani, Bi Mardhiya?"

"Changu. Kiko wazi."

Nilichungulia. Nataka kusema walishtuka, lakini hawakushtuka. Walikuwa wanajaribu kukumbuka. Watu wazima wanne, kila mmoja ameiangalia ile klipu mara zisizohesabika, na hakuna aliyekumbuka kama mwanamke aliyemwona alikuwa na kanga au hana. Vichwa wanavyovitazama kutwa kwenye simu zao ni vingi mno, hiki nacho kilipita humo humo. Mmoja baada ya mwengine nikawaona kinawafikia. Sheha akainamia ndara zake.

Hamdan hakikumfikia. "Ah, bibi yangu," akasema, akicheka, "hizo mvi nani aziangalie? Watu wanacheka neno tu. Na wewe kwa umri wako hata dini imekulegezea."

Hamdan, ambaye sala ya alfajiri huiona kwa jina lake tu kwenye kalenda ya ukutani, alikuwa akimtolea fatwa mwanamke aliyemfundisha mama yake kuhitimu juzuu. Na hakuna aliyemnyamazisha. Babake alikuwa anaangalia bei ya sukari kwenye mfuko aliokuja nao, kana kwamba si yeye aliyeiandika.

"Ifute," Bi Mardhiya akasema.

"Yote?"

"Kwani kitwa kina nusu?"

Aliifuta. Lazima niwe mkweli, aliifuta siku ile ile, mbele ya sheha. Kisha akaenda nyumbani akatengeneza klipu ya kuomba radhi. Alivaa kanzu na kofia ya viua, akaweka sauti ya chini, akasema "familia yangu, nimemkosea mama yetu mzazi wa Pemba". Na ili familia yake ijue anaomba radhi kwa lipi, akaitia ile klipu ndani ya radhi, nzima, kitwa wazi, upepo na yote. Radhi ikapata watazamaji wengi kuliko kosa. Watu wakamwandikia kwamba ana moyo wa dhahabu. Nilimwendea dukani nikamuuliza kama anajua alichokifanya. Akaniambia, "Nadhira, wewe una wivu. Kwa nini hufungui ukurasa wako?"

Na hata kama asingefanya hivyo, ingekuwa bure. Ile ya mwanzo ilikuwa imeshachukuliwa na watu wa kila mahali, wana nakala zao, hawajui kikao cha sheha wala hawana haja nacho. Bi Mardhiya aliniuliza, "Imefutika?" Nikasema hapana. Akaniuliza, "Itafutika lini?" Hilo ndilo swali lake pekee nililoshindwa kulijibu, na nililijua jibu.

Yumna hakumaliza muhula. Alimpigia mama yake Unguja akalia kwenye simu, akafuatwa. Siku ya kuondoka, bibi yake alimpikia boko-boko, na Yumna akasema kwa kile Kiswahili chake cha taarifa ya habari, "Asante bibi, nimeshiba." Alimbusu mkono haraka haraka huku anaangalia barabarani kama kuna mtu mwenye simu. Alipofika huko akanitumia ujumbe kwenye simu ya mama kwamba skuli yake mpya hawajui anatoka wapi, na nisiwaambie. Sina hata wa kumwambia. Dawati langu lina nafasi.

Kijiji nacho kikapata ufumbuzi. Kilikuwa hakiwezi kukosa, kwa sababu kina Hamdan. Akafungua grupu la WhatsApp, akaliita Hali ya Hewa Uwanjani, akaingiza kila nyumba. Yeye atakaa dukani, ana programu inayotabiri mvua, atatoa taarifa. Watu wakafurahi. Wakasema haya ndiyo maendeleo, mvua mfukoni. Mama alinionyesha grupu lenyewe. Kulikuwa na maua ya kutakiana Ijumaa njema. Kulikuwa na mtu anauza mbuzi, mtu anauza dawa ya kisukari, mtu anauliza kama yule mbuzi ana mimba. Kulikuwa na video ya paka. Kulikuwa na ugomvi wa mipira, watu wawili wakatoka kwenye grupu kwa hasira na wakarudishwa. Na kila baada ya mambo matatu, mtu alikuwa akirusha sauti ya Bi Mardhiya kwa mzaha: mvua yanyaaa. Taarifa za mvua zilikuwa humo ndani mahali fulani, kwa mwenye subira.

Jumamosi moja nilikuwa kwa Bi Mardhiya, tangu Yumna aondoke nilikuwa nikienda kumsaidia. Uwanja ulikuwa umejaa, kilikuwa ndicho kilele cha msimu, majamvi yamegusana. Yeye amekaa kwenye ule upenyo wa dirisha. Alinyanyua kichwa kabla sijaona kitu.

"Kuna nani huko nje?"

Nikachungulia. "Hamdan yuko dukani."

"Aangalia wapi?"

"Simu."

Wingu lilikuwa limeshajitokeza upande wake wa kawaida, jeusi chini, na upepo umebadilika. Alikaza kanga chini ya kidevu. Nikaona anapigana na nafsi yake, kwa sababu midomo ilikuwa ikienda bila maneno. Akasimama, akashika ubao wa dirisha, hakuufungua. Akaita kutoka ndani.

"Mvua yanyaaa. Anueni."

Haikuwa kama zamani. Ukuta uliikata, ikatoka nyembamba kidogo, kama inayopitia kwenye kitu. Lakini ilifika. Najua ilifika, maana shamba la Nyange liko karibu na nikamsikia akijibu kutoka juu ya mti. "Zimeni hiyo simu, nyie," akasema. "Mshatuchosha."

Watu wakacheka mashambani. Wakaendelea kuchuma.

Akaita tena. Safari hii akawataja. "Nyange. Moza. Bakari." Bila matusi, majina tu. Hamdan akatoka mlangoni mwa duka, akaiangalia simu yake, akaitikisa, akaangalia huku na huku ni simu ya nani inayolia, akarudi ndani. Programu yake ilikuwa imechora jua.

Nilitoka mbio. Nilikunja jamvi letu na nusu ya jamvi la Bi Moza, na watoto wawili wa chuo cha Kurani wakanisaidia. Zilizobaki mvua ilizinyea mpaka majamvi yakaelea. Watu walipoteremka walikuwa wanakimbia kwenye maji, na kila mmoja kashika simu juu ili isirowe.

Zikawa mpeta. Za Mzee Bakari ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote. Alasiri alikuja kugonga kwa Bi Mardhiya, na wengine nyuma yake, na hawakuja kuomba radhi. Walikuja kulaumu.

"Bi Mardhiya," akasema, "mbona hukutoka? Ungetoka tukakuona, tungejua ni wewe."

"N'toke mnione."

"Ndiyo."

"Mshaniona."

Alikuwa anazungumza nyuma ya mlango uliofungwa, na Mzee Bakari alikuwa anauzungumzisha ubao. Akasubiri. Akasema tena kwamba watu hapa ni ndugu, kwamba msimu bado, kwamba ataongezewa kibaba. Nyange akajaribu kuchekesha, akasema, "Basi hata tusi langu sipati?" Simu yake mfukoni ikalia wakati huo huo, kwa ile sauti, na aliipapasa kuizima akashindwa kupata kitufe, na sote tukasimama pale tukimsikiliza Bi Mardhiya akiita mvua kutoka kwenye suruali ya mwanamume. Nyange hakubadilisha mlio. Nimemsikia nao juzi.

Sasa Bi Mardhiya anaanika zake nyuma ya nyumba. Amezungusha ua wa makuti mrefu kuliko mtu, akaziba na matundu kwa magunia. Uwanjani watu bado wanaanika, wanamwachia mtoto mmoja mmoja akae, na mtoto anakaa na simu.

Wiki iliyopita nilikuwa naye huko nyuma. Alikuwa amejifunga kanga mpaka kwenye nyusi, na jua lilikuwa kali, na tulikuwa peke yetu.

"Bibi, hapa nani atakuona?"

"Wewe wajua?"

Nikaangalia juu ya makuti. Kulikuwa na bati la duka, na mfenesi wa Mzee Bakari umeinamia upande wetu. Sikuona mtu. Sikuweza kumwambia kwamba najua.

Wingu likaja. Aliliona, na nikamwona ameliona. Ng'ambo ya ua majamvi yote yalikuwa wazi. Nikamngoja aite. Akainama, akashika pembe ya jamvi lake, na Bi Mardhiya, ambaye mume wake wa kwanza alimwacha kwa kelele zake, akaninong'oneza nishike pembe ya pili.